Huduma haikutolewa lakini VAT ililipwa: namna ya kuidai kabla muda haujakatika

Ankara ilikuwa na msalaba wa kalamu nyekundu, kona hadi kona, na pembeni neno IMEFUTWA limepigiwa mistari miwili. Mama mwenye biashara ya kukodisha mahema na viti aliichomoa kwenye faili akaiweka mezani kwangu kama mtu anayeonyesha kadi ya ushindi. Ilikuwa Novemba 2024. Ankara yenyewe ilikuwa ya tarehe 14 Machi: mahema, viti, jukwaa na vipaza sauti kwa mkutano wa siku tatu, shilingi 1,000,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 160,000, jumla 1,160,000. Mwezi Mei mteja alipiga simu kusema wafadhili wamejitoa na mkutano haupo tena. Hakuwa amelipa hata senti. Lakini tarehe 20 Aprili mama alikuwa ameshaipelekea KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ile 160,000, pesa yake mwenyewe.

"Mwanangu, kazi haikuwepo," aliniambia. "Si watanirudishia tu?"

Angekuja Juni, ningemjibu ndiyo, na kazi yenyewe ingekuwa ya dakika kumi. Novemba sikuwa na jibu hilo. Ile kalamu nyekundu haikuwa imeiambia KRA lolote. Kwenye mfumo wao ankara ilikuwa bado hai, na muda wa kuifuta ulikuwa umeisha tangu Septemba.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Kenya aliyesajiliwa kwa VAT, na pia wa mteja aliyetozwa VAT kwa kazi ambayo hakuiona. Kosa la mama wa mahema ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kuliko mengine: watu huhesabu muda kuanzia siku walipojua kazi imevunjika. Sheria haihesabu hivyo. Inahesabu kuanzia siku ankara ilipotoka au ushuru ulipolipwa, na siku hizo huwa zimepita zamani wakati habari mbaya inafika.

Mbona ushuru unadaiwa kabla kazi haijafanyika?

Kifungu cha 12 cha Sheria ya VAT ya 2013 kinataja matukio manne: huduma kutolewa, cheti cha msanifu majengo au msimamizi wa kazi kutolewa, ankara kutolewa, na malipo kupokewa, yote au sehemu. Ushuru unaiva kwa tukio lolote litakalotangulia mengine. Basi ukiandika ankara leo kwa kazi ya miezi miwili ijayo, ushuru umeiva leo. Ukipokea arubuni leo, ushuru wa hiyo arubuni umeiva leo. Ritani ya mwezi huu, yaani taarifa ya ushuru unayoipelekea KRA, lazima iutaje, na pesa zifike KRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Ukichelewa kulipa, kuna faini ya 5% na riba ya 1% kila mwezi.

Kwa hiyo usishangae kwamba ulilipa ushuru wa hewa. Ulilipa kihalali kabisa siku ile. Kinachotakiwa sasa ni kuirekebisha ile ankara kwa njia ambayo sheria inaitambua.

Hatua ya kwanza: jua kazi imevunjika kwa namna gani

Usifungue iTax, tovuti ya KRA ya mambo ya ushuru, kwanza. Kaa na karatasi ujibu maswali mawili: je, kazi yoyote ilifanyika? Je, pesa yoyote ilipokewa?

Kama kazi haikufanyika na pesa haikuja, hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Unafuta ankara nzima kwa krediti noti, yaani ile hati ya kupunguza au kuondoa kilichoandikwa kwenye ankara ya awali.

Kama kazi haikufanyika lakini arubuni ilikuja, swali linakuwa pesa iko wapi. Ukiirudisha, krediti noti inafuata. Ukiibakiza, kuna mjadala, nami nitaufikia.

Kama kazi ilifanyika nusu, krediti noti ni ya ile nusu isiyofanyika tu.

Na kama kazi ilifanyika yote ila mteja amekataa kulipa, acha kusoma sehemu za krediti noti. Hilo ni deni bovu, nalo lina kifungu chake, cha 31, chenye kipimo cha miaka na si miezi. Kuna watu wanaofuta ankara ya kazi waliyoifanya kwa sababu wamechoka kumfuata mteja. Ukifanya hivyo umeandika kwa mkono wako kwamba hudai, na siku mteja akipata pesa atakuonyesha krediti noti yako mwenyewe.

Hatua ya pili: zungushia duara tarehe zako

Chukua ankara, ritani ya mwezi husika, na hati ya malipo yenye PRN, yaani namba ya malipo ya KRA. Kwenye karatasi hizo tatu kuna tarehe zinazoamua kila kitu.

Ya kwanza ni tarehe ya ankara. Krediti noti hutolewa ndani ya miezi sita tangu ankara kutolewa. Hicho ni kifungu cha 16 cha Sheria ya VAT. Ankara ya mama wa mahema ilikuwa ya 14 Machi, basi mlango ulifungwa 14 Septemba. Haijalishi kwamba mteja alivunja kazi Mei. Angeivunja Agosti mwishoni, mama angebakiwa na wiki mbili tu. Angeivunja Oktoba, mlango ungekuwa umefungwa kabla hajaambiwa.

Ya pili ni siku ushuru ulipolipwa. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinamruhusu aliyelipa zaidi ya alichodaiwa aombe kurejeshewa, au aombe kiasi hicho kihesabiwe kwenye ushuru wake ujao. Hapa ndipo watu wanapopotoshwa na maneno ya kuokota. Utasikia mtu anasema kwa kujiamini, "una miaka mitano." Miaka mitano ipo, lakini ni ya kodi nyingine, kama ya mapato. Kwa VAT kifungu hichohicho kinasema miezi sita tangu siku ya kulipa zaidi. Mama alilipa 20 Aprili, basi mwisho wake 20 Oktoba. Ndiyo, alikuwa na siku thelathini na sita za ziada baada ya mlango wa kwanza kufungwa, na hizo nazo zilipita faili likiwa kabatini.

Ya tatu inamhusu mnunuzi aliyesajiliwa: VAT ya manunuzi, yaani ile aliyotozwa aliponunua, hudaiwa ndani ya miezi sita baada ya mwisho wa mwezi ambao huduma ilihesabiwa kutolewa. Nitaieleza kwenye sehemu ya mnunuzi.

Kuna upenyo mmoja wa maana. Kama kuna mgogoro wa kibiashara kuhusu bei na umefika mahakamani, krediti noti inaweza kutolewa ndani ya siku 30 baada ya mahakama kuamua, hata kama miezi sita ilishapita. Angalia neno mahakamani. Barua za mawakili kwenda na kurudi hazitoshi, wala kikao cha upatanishi hotelini. Kama mteja anabishana nawe juu ya kiasi gani cha kazi kilifanyika na umefika mwezi wa tano bila mwafaka, ongea na wakili kuhusu kufungua kesi kabla ya mwezi wa sita kwisha.

Mimi huwaambia wateja wangu wahesabu miezi mitano, si sita. Mwezi wa sita ni wa intaneti kukatika, mhasibu kuwa likizo, na mteja kutojibu barua pepe.

Hatua ya tatu: pata maandishi kwamba kazi haikuwepo

Kuvunjika kwa kazi huja kwa simu. "Aki samahani, boss, tumeahirisha." Hapo hakuna ushahidi wowote, na neno "tumeahirisha" ni baya zaidi, kwa sababu kazi iliyoahirishwa haijafutwa. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, mwandikie mteja barua pepe. Haihitaji ufundi. Hii inatosha:

"Kufuatia mazungumzo yetu ya simu leo tarehe 9 Mei 2024, tumeelewa kwamba mkutano uliopangwa hautafanyika, na kwamba hakuna huduma yoyote iliyotolewa chini ya ankara yetu ya tarehe 14 Machi 2024 ya Ksh 1,160,000. Tutatoa krediti noti kwa kiasi chote. Tafadhali thibitisha kwa kujibu barua hii, na kama mlikuwa mmedai VAT ya ankara hiyo, mwirekebishe kwenye ritani yenu."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Mteja akiwa amesajiliwa, VAT uliyomtoza yeye huidai kama VAT ya manunuzi. Ukifuta upande wako naye asifute upande wake, vitabu vyenu havitalingana, na mfumo wa KRA umejengwa kulinganisha vitabu. Barua ya swali inaweza kumfikia yeyote kati yenu.

Pamoja na jibu la mteja weka vitu vingine vinavyoonyesha kwamba siku ya kazi hakukuwa na kazi: mkataba au oda, ratiba ya magari, daftari la stoo linaloonyesha mahema hayakutoka, taarifa ya benki isiyo na malipo ya mteja huyo, au yenye malipo yaliyorudi. Mazungumzo ya WhatsApp yanafaa, ila piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, si maneno peke yake. Watu hubadilisha simu, na ujumbe huondoka nazo.

Hatua ya nne: toa krediti noti kwenye eTIMS

Krediti noti iliyotengenezwa kwenye Word na kupigwa muhuri haina kazi siku hizi. Ankara ilipitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na kinachoifuta lazima kipitie hukohuko.

Ingia kwenye mfumo unaoutumia, uwe wa tovuti, wa simu au ule uliounganishwa na programu yako ya uhasibu. Tafuta ankara ya awali kwa namba yake. Chagua krediti noti, halafu taja sababu. Andika sababu inayoeleweka na mtu asiyekujua: "Mkutano umefutwa na mteja, huduma haikutolewa" inajitetea yenyewe, "marekebisho" haisemi kitu. Hakikisha namba ya ankara ya awali imeshikamana na krediti noti, kwa sababu hati inayoelea peke yake bila ankara yake ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Ikishapita, mtumie mteja nakala.

Kiasi ndicho kinachowakosesha watu. Tuseme mkutano ulikuwa wa siku tatu lakini mmekubaliana kupunguza nusu, na mteja anarudishiwa 580,000. Wengi huchukua 580,000 mara 16% wakapata 92,800. Hapana. Hiyo 580,000 ina VAT ndani yake tayari. Zidisha kwa 16 ugawe kwa 116: VAT ni 80,000 na thamani ya huduma ni 500,000. Tofauti ya 12,800 ungekuwa umejipunguzia ushuru usio haki yako, na riba yake ingekufuata.

Jambo jingine ni ile 2%. Kama mteja wako ni wakala aliyeteuliwa na KRA kuzuia VAT, hakukulipa 1,160,000 kamili. Alikata 2% ya thamani, yaani 20,000, akaipeleka KRA kwa jina lako. Siku ya kurudisha pesa utajikuta unabishana: wewe unasema ulipokea 1,140,000, yeye anasema alitoa 1,160,000. Yeye ndiye mwenye haki. Zile 20,000 ziko kwenye akaunti yako ya iTax, au ulishazitumia kupunguza VAT ya mwezi ule. Rudisha kamili, kisha hakikisha cheti cha kuzuiwa kimehesabiwa kwako.

Baada ya hapo krediti noti inaingia kwenye ritani ya mwezi ilipotolewa, si ya mwezi wa ankara. Inapunguza VAT ya mauzo ya mwezi huo. Na hapa nikuambie mapema usije ukalala ukisubiri M-Pesa: mara nyingi hakuna pesa inayorudi benki. Unacholipa tarehe 20 kinapungua kwa kiasi hicho, au kama mwezi ulikuwa mkavu, salio linasogezwa mwezi ujao. Kwa mwenye biashara inayoendelea ni sawa na pesa taslimu. Kwa aliyefunga biashara ni hadithi nyingine, na ndiyo maana kabla ya kufuta usajili wa VAT unapaswa kupitia ankara zote ambazo kazi yake haijafanyika.

Miezi sita imepita. Kuna nini kimebaki?

Si vingi, na ni afadhali nikuambie hivyo kuliko kukupa matumaini ya bure.

Kama miezi sita ya ankara imepita lakini miezi sita ya malipo bado, peleka ombi la kifungu cha 47 kupitia iTax mara moja. Tarajia swali la kwanza liwe kwa nini hukutoa krediti noti kwa wakati, na uwe na jibu lenye karatasi. Usiandike hadithi ndefu. Tarehe ya ankara, tarehe ya kulipa, tarehe kazi ilipovunjika, ushahidi, kiasi.

Kama yote mawili yamepita, angalia kama kuna kesi mahakamani inayohusu bei hiyo. Kama ipo, zile siku 30 zinakusubiri baada ya uamuzi.

Kama hakuna, VAT imekwenda. Lakini angalia upande wa kodi ya mapato, maana watu husahau. Kama uliingiza ile 1,000,000 kama mapato ya mwaka na kazi haikufanyika wala pesa haikuja, umelipa kodi ya mapato kwa faida ambayo haikuwepo. Huko kipimo ni miaka mitano, na ritani ya mwaka inaweza kurekebishwa. Kwa mama wa mahema ndiko tulikokwenda. Zile 160,000 hazikurudi, ila ile milioni moja tuliitoa kwenye mapato ya mwaka wake kabla hajaitolea kodi mara ya pili.

Usijaribu ujanja wa kutoa ankara mpya ya tarehe ya karibuni kisha kuifutia krediti noti ili "kufufua" muda. Nimeulizwa hilo na mtu aliyevaa tai. eTIMS inaandika saa na dakika ya kila hati, na ulichotengeneza hapo ni ankara ya uongo.

Arubuni uliyoibakiza

Mkataba unasema arubuni hairudishwi. Mteja amevunja, umebaki na 300,000 yake. Je, VAT iliyomo ndani unaweza kuidai, kwa hoja kwamba hakuna huduma iliyotolewa na pesa hiyo ni fidia tu?

Ulaya wamelibishania hili hadi mahakama yao ya juu, na majibu mawili waliyotoa yanavutana. Mwaka 2007, katika kesi ya hoteli ya Société thermale d'Eugénie-les-Bains ya Ufaransa, mahakama ilisema arubuni inayobakizwa mgeni akivunja nafasi yake ni fidia, si bei ya huduma, basi haina VAT. Mwaka 2015, katika kesi ya Air France-KLM, ikasema tiketi ambayo abiria ameilipia kikamilifu kisha hakutokea uwanjani ina VAT palepale, kwa sababu alichonunua ni haki ya kusafiri, na haki hiyo alikuwa nayo.

Mahakama za Kenya hazifungwi na kesi hizo. Lakini zinaonyesha pa kuangalia: mkataba wako unaiita pesa hiyo nini, na mteja alikuwa bado na haki ya kuja kuchukua huduma? Ushauri wangu kwa mfanyabiashara wa kawaida ni huu: pesa uliyoibakiza, iache VAT yake ilipo. Krediti noti bila pesa kurudi ni kualika ukaguzi. Kama kiasi ni kikubwa cha kutosha kugombaniwa, mlipe mshauri wa kodi akuandikie maoni, tena kabla ya miezi sita kwisha.

Kama wewe ndiye uliyelipia kazi usiyoiona

Fundi wa programu alichukua pesa zako na VAT yake, akatoweka. Unakwenda KRA kudai VAT? Hapana. Wewe hukulipa KRA; ulimlipa yeye, naye ndiye ambaye ushuru huo uko kwenye akaunti yake. KRA haina namna ya kukurudishia. Dai lako ni dhidi ya muuzaji, na unamdai jumla yote pamoja na VAT, si bei peke yake.

Hapo muda wako ni mrefu zaidi. Madai ya mkataba nchini Kenya yana miaka sita chini ya sheria ya ukomo wa madai, sura ya 22. Na kama jumla haizidi Ksh 1,000,000, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Lakini usilalie miaka sita. Muuzaji anayetaka kukurudishia atakuwa mzito zaidi mara miezi yake sita ikipita, kwa sababu baada ya hapo ile VAT itatoka mfukoni mwake. Mkumbushe hilo kwenye barua yako ya kwanza, mtajie na tarehe. Nimeona watu wagumu wakilegea kwa sentensi hiyo moja.

Kama umesajiliwa kwa VAT na ulishadai VAT ya ankara hiyo kwenye ritani yako, irudishe mwenyewe hata kama muuzaji hajakutumia krediti noti. Ankara ipo, eTIMS inaionyesha, lakini huduma haipo. KRA imekuwa ikiwasaka kwa miaka watu wanaodai VAT kwa ankara hewa, na afisa anayekagua hana njia ya kujua kwamba wewe ulitapeliwa na si mshirika wa tapeli, isipokuwa uwe umejirekebisha kabla hajafika. Na kama hukuwa umeidai, usiidai sasa kwa sababu tu miezi sita haijaisha.

KRA wakikaa kimya, au wakikataa

Baada ya kupeleka ombi la kifungu cha 47, KRA ina siku zake za kulipima. Zilikuwa 90, Sheria ya Fedha ya 2025 ilizifanya 120, na 180 wakiamua kufanya ukaguzi kwanza. Hifadhi hati ya kupokelewa kwa ombi, maana hesabu inaanzia hapo. Na ujue kwamba hata wakikubali, kama una deni lolote la ushuru, wataanza kulikata hilo.

Wakikataa, una siku 30 tangu kuarifiwa kupinga, na barua ya uamuzi ndiyo utakayoiambatisha popote uendapo, iwe ni pingamizi kwa Kamishna au rufaa kwa jopo la rufaa za ushuru. Siku hizo 30 ni fupi kuliko zinavyosikika. Barua huja kwa barua pepe iliyoandikishwa iTax, na kwa biashara nyingi hiyo ni ya mhasibu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita. Ingia leo ubadilishe.

Kwa wasomaji wa ng'ambo ya mpaka

Usichukue tarehe hizi ukavuka nazo Namanga. Tanzania Bara kodi ya ongezeko la thamani ni 18%, na sheria yake ya 2014 inatazama kuvunjwa kwa huduma kama tukio linalosababisha marekebisho, yanayofanywa kwenye kipindi ambacho tukio limetokea. Huko siku ya kuvunjika kwa kazi ina uzito ambao Kenya haina. Zanzibar wana sheria yao ya VAT na kiwango chao, 15%. Njia ya kufikiri ni ileile: ankara au risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ni ya lini, pesa ilikwenda lini, kazi ilivunjika lini. Majibu ndiyo yanayotofautiana.

Profoma

Haya yote hukwepeka kwa sehemu kubwa kwa karatasi moja. Mteja akikuomba "invoisi" ya kupelekea bosi wake aidhinishe bajeti, hahitaji ankara ya kodi. Anahitaji profoma: hati yenye bei na VAT, isiyo ya eTIMS, iliyoandikwa wazi kwamba si ankara ya kodi. Profoma haiivishi ushuru. Toa ankara yenyewe pesa ikiingia au kazi ikifanyika. Kwa kazi ndefu, igawe kwa awamu na utoe ankara ya awamu iliyofikiwa, ili ikivunjika katikati, ya kurekebisha iwe ndogo.

Wateja wengine, hasa taasisi kubwa, hukataa profoma na kudai ankara kamili kabla ya kutia sahihi. Kwa hao, fungua daftari dogo au jedwali la Excel lenye safu nne: namba ya ankara, tarehe yake, tarehe ya kazi, na tarehe ya mwezi wa tano kukamilika. Kila tarehe moja ya mwezi pitisha jicho kwenye safu ya mwisho. Ankara ambayo kazi yake bado haijafanyika na tarehe hiyo inakaribia, mpigie mteja simu siku hiyo, umuulize kazi ipo au haipo. Akisema haipo, andika ile barua pepe kabla hujalala, toa krediti noti asubuhi, na uweke nakala ya kila kitu kwa miaka mitano, kwa sababu huo ndio muda ambao KRA inaweza kukuomba kuziona.